Je, Wajua? Mfupa wa mbwa uliowapa kazi wanahisabati

Mwaka 1925 Mmarekani R. L. Moore alithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, unaweza kuugawa uwanda bapa katika vipande visivyoutenga, ukabana kila kipande kiwe nukta moja, na bado ukabaki na uwanda uleule.

Je, nafasi ya vipimo vitatu nayo ni hivyo? La. R H Bing, mwanafunzi wa Moore, alionyesha hivyo mwaka 1957. Chukua umbo nene kama mfupa wa mbwa, lenye tundu moja kila ncha. Ndani yake panga mifupa minne myembamba iliyonasana kwa ujanja. Ndani ya kila mmoja, minne mingine. Endelea bila kikomo. Mwishowe vinabaki vijiuzi visivyohesabika. Kitazame kimoja peke yake: hakina fundo hata kidogo. Lakini ukivibana vyote, kila kimoja kiwe nukta yake, unapata nafasi tofauti kabisa na ile ya awali.

Ajabu ni kwamba homotopia, njia ya kulinganisha maumbo inayoruhusu kuyanyoosha na kuyabana, haioni tofauti yoyote. Ajabu zaidi: mwaka 1959 Bing alithibitisha kuwa nafasi hiyo mbovu, ikizidishwa na mstari mnyoofu (yaani kila nukta yake ikipewa mstari wake), hutoa nafasi ya kawaida ya vipimo vinne. Mbinu zake za kubana zilimsaidia mwanahisabati Michael Freedman kuthibitisha dhana ya Poincaré, inayohusu jinsi ya kulitambua tufe, katika vipimo vinne, mwaka 1982.