Barabara ya Himo Iliyobaki Bila Urefu

Kutoka Himo Njia Panda hadi Moshi ni takriban kilomita 27. Tuseme ni 27 kamili, na barabara imenyooka. Futa theluthi ya katikati, kilomita 9, ila nukta za ukingoni ziache. Vinabaki vipande viwili vya kilomita 9. Navyo vifute katikati: vinabaki vinne vya kilomita 3. Rudia, upate vinane vya kilomita moja. Endelea bila kikomo.

Umefuta kilomita 9, kisha 6, kisha 4. Ukijumlisha raundi zote unapata 27 kamili. Kilichobaki kina urefu sifuri.

Lakini kimebaki kitu. Kwanza, ncha za vipande hazifutwi kamwe. Halafu itazame nukta iliyo kilomita 6.75 kutoka Himo. Raundi ya kwanza inaiacha kwenye kipande cha 0 hadi 9, ya pili 6 hadi 9, ya tatu 6 hadi 7. Kila mara iko robo ya kipande kutoka ncha mojawapo, kwa hiyo theluthi ya katikati haiifikii. Haiwi ncha hata mara moja, na haifutwi milele. Kwangu hapa ndipo penye uzuri wote wa jambo hili.

Mwanahisabati Henry Smith aliandika kuhusu seti, yaani mikusanyiko ya nukta, za namna hii mwaka 1875. Mjerumani Georg Cantor akaieleza hii mwaka 1883, ikabaki na jina lake.

Zimebaki nukta ngapi? Kila moja ina anwani: katika kila raundi imeangukia kipande cha upande wa Himo au cha upande wa Moshi. Ziorodheshe zote ukiweza. Nitatunga anwani inayopingana na nukta yako ya kwanza kwenye raundi ya kwanza, na ya pili kwenye raundi ya pili, hivyo hivyo bila kuacha hata moja. Hiyo ni anwani ya nukta halali, na haimo kwenye orodha yako. Ncha zinaorodhesheka, seti nzima haiorodhesheki. Kwa wingi, nukta zilizobaki ni sawa na zile za barabara nzima kabla hujafuta chochote.

Wanatopolojia wanavutiwa pia na mpangilio wake. Kati ya nukta zozote mbili zilizobaki pana pengo, na bado hakuna iliyo peke yake: chagua yoyote, pima milimita moja, au sehemu ya milioni ya milimita, na ndani ya umbali huo zimo nyingine zisizo na idadi.