KUVITAMBUA VIPANDE VYA NDEGE VINAVYOOKOTWA PWANI NA MASHAMBANI

Mnamo tarehe 20 Juni, 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kilipatikana katika kisiwa cha Pemba. Mwezi wa Septemba mwaka huo, wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa kilikuwa ni sehemu ya flapu ya bawa la kulia, yaani ule ubao wa nyuma ya bawa unaoshushwa ndege inapokaribia kutua. Ndege yenyewe ilikuwa ni Boeing 777 ya Malaysia Airlines, safari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi, 2014 ikiwa na watu 239.

Uthibitisho huo ulitokana na nambari. Muhuri mmoja ndani ya kipande ulikuwa na tarehe 23 Januari, 2002, na ndege hiyo ilikabidhiwa kwa wenyewe tarehe 31 Mei, 2002. Pamoja na nambari za Boeing palikuwa na nambari nyingine zenye herufi OL. Kiwanda cha Italia kilichokitengeneza kipande hicho kilipofungua kumbukumbu zake, kilikuta kwamba nambari zote ni za flapu moja tu, iliyopelekwa kwa ajili ya ndege ya 404 katika mfululizo wa Boeing 777. Lau aliyekiokota angelikikata ili akiuze kwa vyuma chakavu, jamaa za abiria wasingelipata hata jibu hilo dogo.

Njia hiyo ndiyo itumikayo pia kwa ndege za kale, ambazo zilipita kwa wingi katika mwambao huu. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways zinazotua majini zilipitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege aina ya Catalina za jeshi la anga la Uingereza zililinda njia za meli kutokea Mombasa na Dar es Salaam. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kusita mwaka 1977, lilianza na Dragon Rapide, ndege ndogo za mbao na kitambaa, na baadaye likatumia DC-3.

Mbao huliwa na mchwa na kitambaa huoza, lakini injini hubaki. Jambo la kwanza ni kuzihesabu silinda na kutazama mpango wake. Injini ya Pegasus, iliyotumika katika ndege za majini za Imperial Airways, ina silinda 9 zilizopangwa duara kama njiti za gurudumu la baiskeli. Twin Wasp ya Marekani ina silinda 14 katika duara mbili, moja nyuma ya nyingine. Gipsy Six ya Dragon Rapide ina silinda 6 katika safu moja, nazo zimepinduliwa, vichwa vikitazama chini.

Hata hivyo, injini haitoshi kuitaja ndege. Twin Wasp hiyo hiyo iliendesha Catalina na pia DC-3, na injini huhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine kila inapofanyiwa matengenezo makubwa. Nambari ya injini huitambulisha injini. Ndege hutambuliwa kwa nambari za mwili na mabawa yake. Nambari nyingi za vipande vya Catalina, kwa mfano, huanza na 28, kwa kuwa kiwanda cha Consolidated kiliiita ndege hiyo Aina ya 28.

Boliti nazo hutoa ushahidi. Spana ya vipimo vya Whitworth vya Uingereza haikai sawasawa katika kichwa cha boliti ya Kimarekani, jambo ambalo fundi mzee wa gereji hulijua kwa mkono tu. Herufi AM chini ya taji ni alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza ya wakati huo. Lakini alama hiyo ilipigwa hadi kwenye sahani za mabwalo ya askari, kwa hiyo si kila chenye alama hiyo kimetoka katika ndege.

Umbo peke yake hupotosha. Mwaka 1991 bamba la alumini liliokotwa katika kisiwa cha Nikumaroro, nchini Kiribati. Kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa ni la ndege ya Amelia Earhart, rubani wa Marekani aliyepotea mwaka 1937. Baadaye mistari ya ribiti zake ililinganishwa na bawa la Douglas C-47, ambayo ni DC-3 ya kijeshi, ikaoana nalo.

Mwenye kukiona kipande asikikwangue, asikipige msasa wala asikitoe viumbe vya baharini vilivyogandamana nacho. Kile cha Pemba kilikuwa na alama za msuguano kwa ndani, na kwa alama hizo wachunguzi waliona kuwa flapu hiyo yaelekea haikuwa imeshushwa kwa kutua. Wala kibati cha utambulisho kikikosekana isidhaniwe kuwa hakuna nambari. Kipande kilichopatikana katika kisiwa cha Réunion mwezi wa Julai, 2015 hakikuwa na kibati. Kamera nyembamba iliyoingizwa ndani ndiyo iliyozionyesha nambari.

Saa na vipimo vya ndege za zamani visifunguliwe kabisa. Rangi iliyovifanya ving'are gizani mara nyingi ilikuwa na radiamu, na sumu ya mionzi yake hubaki hata baada ya mng'aro kufa. Chochote chenye sura ya risasi au bomu kiachwe pale pale kilipo.

Taarifa ipelekwe kwa Sheha au kituo cha Polisi kilicho karibu, ikitaja siku, mahali na jina la aliyekiona. Mtumishi anayekipokea akipige picha pamoja na rula kabla hakijasogezwa, aandike nambari zote kama zilivyo, pamoja na herufi na vistari vyake, na alama ya ofisi aifunge kwa uzi, asitoboe.