Panda Matamba wakati wa matope

Chimala saa mbili asubuhi tayari kuna joto. Magunia ya mchele wa Mbarali yamepangwa mbele ya maduka, vijana wa bodaboda wamejibanza kivulini, nami nimesimama kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia nimeshika koti zito la sufu. Hakuna anayeshangaa. Mwenye koti Chimala anapanda Matamba, na muuza karanga aliyenipita alinionyesha gari lilipo kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa nimetoka Makambako alfajiri kwa Kosta ya Mbeya. Anayetoka Mbeya mjini ana safari fupi zaidi, kilomita 78 hivi kuja mashariki. Anayetoka Njombe anaweza kuzungukia nyuma, kwa lami ya Makete. Mimi napendekeza Chimala kwa moyo wote, hata kwa mtu wa Njombe, kwa sababu nusu ya raha ya safari hii iko barabarani.

Barabara yenyewe inaitwa Hamsini na Saba. Ndilo jina lake, na ni jina la hesabu: kona 57 zinazokwea ukuta wa mlima kutoka bonde la Usangu hadi Matamba, wilayani Makete. Si kona za kupinda kidogo. Gari linageuka na kurudi lilikotoka, ila sasa liko ghorofa moja juu. Ukikaa dirisha la kushoto unaliona bonde; kona inayofuata unaona jabali na majani yenye umande, na aliyekaa kulia ndiye anayevuta pumzi. Mwanzoni abiria walikuwa wanapiga soga juu ya bei ya mbolea. Kufikia kona ya ishirini na kitu soga zilikuwa zimekwisha, masikio yamejaa hewa, na konda alifunga dirisha bila kuombwa. Nikavaa koti.

Kama mmekodi gari, mwambieni dereva asimame mahali salama katikati ya mlima, mshuke, mgeuke nyuma. Usangu imelala chini kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni wengi. Msimu wa mvua majaruba ya mpunga yanametameta, na reli ya TAZARA inakatiza humo ikielekea Mbeya na Zambia. Vijito unavyovisikia vikishuka kwenye makorongo ya mlima huu vinaingia Ruaha Mkuu. Mto huo unanywesha mpunga wa Mbarali, unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unaingia Mtera na Kidatu ambako umeme unafuliwa, halafu unaungana na Rufiji kuelekea Bwawa la Julius Nyerere. Mtu anayewasha taa Ilala hajui kwamba sehemu ya mwanga wake ilianza kama ukungu kwenye nyasi za huku juu. Nadhani kila mtoto wa shule wa mikoa yetu angesimamishwa pale mara moja tu, aonyeshwe kwa kidole, asingehitaji kukariri maana ya chanzo cha maji.

Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tunasafiri sana mwisho wa wiki, lakini tunasafirishwa na shughuli. Msiba Wanging'ombe, harusi Uyole, kipaimara Njombe, kikao cha ukoo. Kusafiri kwenda kutazama tu, kisha kurudi, tumezoea kuona ni jambo la wageni wenye kamera kubwa. Huko Argentina, watu wa Buenos Aires hupanda treni Jumapili wakashuka Tigre, mji wa mtoni ulio kama kilomita 30 tu kutoka kwao, wakapanda boti, wakala, wakarudi jioni. Ni desturi ya kawaida ya familia. Sisi tuna hifadhi ya taifa, Kitulo, ndani ya nusu siku ya safari, na nafahamu watu wazima waliozaliwa Makambako ambao hawajawahi kuiona. Jambo hilo linaniuma.

Matamba ni mji mdogo wa viazi. Nyumba za bati zimetawanyika mgongoni mwa mlima, moshi wa kuni unatambaa chini kwa sababu ya ubaridi, na malori yanapakia magunia ya viazi mviringo kwa ajili ya masoko ya chini. Kiazi hiki asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, nyanda za baridi kama hizi, na kimepata huku makazi ya pili yanayokipenda kweli. Lugha ya nyumbani hapa ni Kiwanji. Ukisogea kusini, Makete yenyewe, unaingia kwa Wakinga, ambao wafanyabiashara wao unawakuta madukani kila mji wa nchi hii.

Niliingia kwa mama lishe mmoja karibu na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu moto."

Si "karibu kiti", wala "karibu chakula". Alisogeza jiko la mkaa upande wangu, ndipo akauliza nitakula nini. Nilikula viazi vya kuchemsha na maharage, nikanywa chai ya maziwa vikombe viwili. Alipojua kwamba kesho napanda Kitulo alitazama viatu vyangu, akatikisa kichwa, akaniambia nitafute buti za mvua. Aliniazima za mwanawe. Zilinitosha.

Hapo ndipo penye ugumu wa safari hii, na ndiyo sababu naandika. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba 412.9, ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Maua yanakuja na mvua. Mvua zinaanza Novemba. Kuanzia Desemba hadi mwezi wa tatu au wa nne uwanda mzima unachanua. Miezi hiyohiyo udongo wa huku unageuka sabuni, gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne linateleza kama ng'ombe kwenye barafu, na ukungu unaweza kufunika kila kitu mpaka saa nne. Ukiuliza lini uende, kila mwenye busara atakwambia subiri Juni njia ikauke. Juni njia ni nzuri kweli. Lakini nyasi zimeshakuwa za kahawia, usiku sakitu inaanguka, na maua yamerudi ardhini kulala kwenye mizizi yake. Utakuta mandhari nzuri ya kipupwe na utarudi ukisema Kitulo ni nyasi tu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na kila mara nawauliza walikwenda mwezi gani.

Basi nenda na matope. Panga siku mbili, si moja. Lala Matamba Jumamosi, kwenye gesti yenye mablanketi ya kutosha, kwa sababu kutoka hapo hadi uwandani ni kama saa nzima nyingine ya gari, na anayetaka kwenda na kurudi Chimala siku moja atatumia mchana wake wote kuangalia saa. Mipango ya kiingilio na mwongozaji malizia kwenye ofisi ya hifadhi kabla hujapanda. Malipo yanapitia kontroli namba, hivyo weka salio kwenye simu ukiwa bado Chimala. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje.

Jumapili asubuhi hatukuona kitu kwa muda mrefu. Gari lilipanda ndani ya weupe. Kisha, kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulipasuka upande mmoja, na ardhi ikawa ya manjano.

Nimejaribu mara kadhaa kuwaeleza watu nyumbani na nimeshindwa, ila nitajaribu tena. Kitulo haina tembo wala simba wa kukutafuta machoni. Ukibaki ndani ya gari unaona rangi: bonde la manjano, mteremko wa zambarau, vidoa vyekundu kwenye majimaji. Uzuri wake mkubwa uko chini ya goti. Lazima ushuke, utembee, upige magoti kwenye unyevu. Ndipo ile manjano inagawanyika kuwa mimea kumi tofauti, na katikati yake inasimama okidi moja, shina lenye urefu wa kiganja, ua lina mdomo na mkia kama mdudu aliyetua. Aina zaidi ya 350 za mimea zimeorodheshwa kwenye uwanda huu, na 45 kati yake ni okidi za ardhini. Nyingine zinaonekana hapa na kwenye milima ya jirani tu, hakuna penginepo duniani. Kuna mimea mirefu yenye kichwa cha rangi ya moto, kama mwenge uliochomekwa kando ya kijito. Kuna maua makavu kama karatasi yasiyonyauka hata ukiyaacha mezani mwaka mzima, lakini usiyachume; acha yabaki.

Wazee waliuita uwanda huu Bustani ya Mungu. Mwaka 1877 alipita Mwingereza Frederick Elton, konseli wa nchi yake, na kwa muda ramani za Wazungu ziliuita kwa jina lake. Jina la Elton limekwisha. Bustani imebaki.

Kupiga magoti kunakuonyesha pia mashimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vya okidi hadi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vinachimbwa katika nyanda zetu na kuvushwa mpaka kwenda Zambia. Kule vinapondwa, vinapikwa na karanga, pilipili na magadi mpaka vinashikana kama mkate mzito, chakula kinachoitwa chikanda, kinachopendwa sana mezani na sokoni. Siwalaumu wapishi wala walaji. Lakini okidi hailimwi kama kiazi mviringo. Mbegu yake ni kama vumbi, inahitaji kuvu wa udongoni ili iote, na mche unachukua miaka kabla ya kutoa ua. Ukichimba kiazi umeondoa mmea wote. Uchimbaji huo ndio uliosukuma sana kilio cha kuifanya Kitulo hifadhi, na kijiji kilichokuwa kikipata fedha za haraka kwenye gunia la okidi kilistahili kupata kitu badala yake. Wageni wa mwisho wa wiki, wanaolala gesti ya Matamba na kununua viazi vya Matamba, wanaweza kuwa sehemu ya kitu hicho. Ndiyo maana nawasihi msije na chakula chote ndani ya gari kutoka mjini.

Ndege nao wanafuata mvua. Mbayuwayu buluu, mwembamba, mweusi kwa mbali na wa samawati anapogeuka juani, anakuja kuzaa hapa msimu wa masika, kisha anaruka kwenda kumaliza mwaka karibu na Ziwa Viktoria. Tulimwona mmoja akikata hewa chini kabisa, kimo cha nyasi. Tandawala wawili walitembea mbele yetu kwa utulivu wa wazee wanaotoka kanisani.

Upande wa magharibi, kwenye msitu wa Livingstone ambao nao uko ndani ya hifadhi, anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake muda mrefu. Wanasayansi walimsikia kwenye masimulizi yao, wakamtafuta, wakamwona mwaka 2003 Mlima Rungwe na baadaye huku. Alitangazwa ulimwenguni mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kwa safari ya siku mbili usimtarajie. Msitu ule uko kwenye mwinuko mkali, una matope kuliko uwandani, na unastahili safari yake peke yake.

Tulitembea saa tatu. Mvua ilitunyeshea mara mbili, ya pili ikiwa na mawe madogo. Kwenye ukingo mmoja mwongozaji alituelekeza Mtorwi, mlima wa mita 2,961, kisha wingu likaufunika kabla hatujamaliza kuhesabu vilele. Ng'ombe weusi na weupe wa shamba la serikali la Kitulo walikuwa wakila majani upande wa pili wa bonde, na kengele ya kanisa fulani ilisikika kutoka chini, hafifu, kwa lugha isiyo na maneno.

Buti nilizirudisha Jumapili saa nane, zimeoshwa. Mama alinifungia viazi kwenye mfuko wa salfeti, kilo kama kumi, akakataa kuongezewa hela. Kushuka Hamsini na Saba tulikuwa nyuma ya lori la viazi, taratibu, kona kwa kona, tukinusa breki zake. Koti nililivua kona chache kabla ya Chimala.

Januari nitarudi na wanangu wawili. Wa kwanza yuko darasa la tano na anapenda kuchora mimea. Nimeshawanunulia buti.