Burudani inayofichwa ndiyo inayofilisi nyumba

Pesa ya Dunda haina tarehe. Katika kata hii ya mji wa Bagamoyo, nyumba nyingi zinaishi kwa bahari na kwa biashara ndogondogo zinazoizunguka: kuvua, kununua mnadani, kukaanga, kuuza barafu, kusafirisha mzigo kwenda Dar es Salaam. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hupumzika mbalamwezi inapopevuka, kusi ikichachamaa vyombo vidogo havitoki, na siku samaki wakijaa bei huanguka. Ahadi kubwa nazo zimekuja na kupita: mkataba wa bandari mpya ulitiwa saini Machi 2013, kazi ikazinduliwa Oktoba 2015, na kufikia 2019 mradi ukawa umesimama. Penye kipato cha namna hii, shilingi inayozua ugomvi nyumbani si ya unga wala ya maji. Ni ile ya king'amuzi, ya bando, ya kuingia kutazama mpira, ya sare ya harusi. Mmoja anaiona ni haki yake baada ya kazi ngumu, mwenziwe anaiona ni chakula cha watoto, na mzee wa nyumba anauliza dini inasemaje. Naamini tumekuwa tukianzia mwisho wa jambo. Tunauliza burudani ipi ni ghali na ipi ni nafuu, ipi njema na ipi mbaya, kabla ya kuuliza swali linalotangulia: je, walio nyumbani wanaijua? Burudani inayoivunja nyumba, kwa fedha na kwa imani, ni ile inayofichwa.

Wapo watakaosema kwamba hata swali hilo ni la wenye nafasi, kwamba asiye na uhakika wa kesho hana sababu ya kuzungumzia burudani. Taifa letu liliwahi kujaribu msimamo unaokaribia huo. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, kwa sababu Serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa kwa nchi ambayo bado inatafuta maji, shule na zahanati. Lakini serikali hiyohiyo, mwaka 1981, vita vya Kagera vikiwa vimemalizika miaka miwili tu nyuma na maduka yakiwa hayana sabuni wala sukari, ilianzisha Chuo cha Sanaa hapa Bagamoyo. Mwaka uliofuata likaanza tamasha la kila mwaka, na mpaka leo, chuo kikiwa kimegeuka kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, tangu 2007, tamasha hilo bado linaujaza mji. Chuoni hapo ndipo Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Ugogo, alipofundisha zeze na ilimba, na hapa Bagamoyo ndipo alipofariki mwaka 2003. Viongozi waliokuwa na kila sababu ya kusema ngoma isubiri walisema isisubiri. Walitambua jambo ambalo kila mama wa pwani analijua: mtoto aliyeshinda na uji asubuhi na muhogo jioni bado anahitaji kucheza, na mtu mzima aliyelemewa anahitaji mahali pa kuutua mzigo kwa saa moja. Ukimnyima mahali pa wazi, atajitafutia pa siri.

Na siku hizi pa siri pamekuwa karibu mno, pamo kiganjani. Tazama safari ya mpira. Zamani asiye na televisheni alikwenda kibanda umiza, akalipa kiingilio kinachojulikana, akabanana na wenzake kwenye benchi, akashangilia, akarudi. Mkewe alijua alikokwenda na alijua kiasi alichotumia. Leo mechi ileile inaweza kuwa mlango wa kubeti, na kubeti hakuhitaji benchi wala shahidi. Mtu amelala kando ya mwenzake na kidole kinafanya kazi. Shilingi 1,000 kwa siku haionekani, lakini kwa mwaka ni shilingi 365,000, fedha ambayo mzazi yuleyule akiombwa mara moja kwa ajili ya shule atasema hana, na atakuwa anasema kweli, kwa kuwa imekwisha kutoka tone kwa tone. Anayejitetea kwamba ipo siku atapata, naomba tupige hesabu pamoja. Mechi moja ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa na sare. Tukichukulia kwamba yote yana nafasi sawa, anayetabiri mechi kumi ana nafasi moja katika 59,049. Hata tukimpa ujuzi mkubwa, kiasi cha kupatia nusu ya mechi anazochagua, kuzipatia zote kumi ni mara moja katika 1,024. Karatasi hiyo ya utabiri vijana wameipa jina la mkeka. Mkeka wa ukili hutandikwa uani na kila mtu akaketi, na huu wa simuni hauna nafasi ya wawili.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka upande wa pili: burudani za wazi nazo zinafilisi. Nani asiyeiona harusi, kitchen party au ngoma ya mwali? Zinatangazwa kwa spika, zina sare, zina kamati, zina kutunza hadharani, na bado nyumba zinaamka kesho yake na madeni. Hili si geni katika mrima. Bagamoyo ya misafara, katika karne ya 19, ilikuwa mji wa karamu na ngoma za kushindana, ambapo heshima ilitafutwa kwa kulisha watu, na mwanahistoria Jonathon Glassman aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1995, juu ya karamu za namna hiyo katika pwani na jinsi zilivyofungamana na vurugu za 1888 dhidi ya Wajerumani. Nakubali, basi, kwamba uwazi wa mtaani hautoshi. Lakini tuchunguze ni kitu gani hasa kinachomwumiza mama aliyevaa sare ile. Mtaa mzima umeiona kanga yake, ila mumewe na wanawe hawajui ilinunuliwa kwa fedha gani. Mara nyingi imetoka kwenye mkopo ambao watu wenyewe wameuita kausha damu, rejesho kila wiki au hata kila siku, na anayechelewa hudaiwa mlangoni kwa aibu. Mikopo ya simu imeurahisisha usiri huo zaidi, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Sherehe ilikuwa ya hadharani, gharama yake ilikuwa ya siri. Kwa hiyo mfano huu, nikiupima vizuri, unaiongezea nguvu hoja yangu na kuinyoosha: uwazi unaolinda nyumba ni ule wa ndani, wa wale wanaokula sufuria moja. Kuonekana na mtaa ni jambo jingine, na pengine ndiko kunakomfanya mtu awafiche walio karibu naye.

Viongozi wa dini watauliza kama nataka kuhalalisha kila kitu mradi tu kimetajwa nyumbani. La. Mdundo wa kigodoro unaokesha mtaani na kuwafundisha watoto matusi hauwi mwema kwa sababu baba ameuchangia waziwazi. Lakini naomba tukumbuke kwamba katika mji huu imani haijawahi kuishi kwa kuikimbia furaha ya pamoja. Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kama Sheikh Ramiya, aliletwa utotoni kutoka Umanyema akiwa mtumwa, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa ameifanya Bagamoyo kuwa mji unaosafiriwa kwa ajili ya zikri na Maulidi. Watu walitoka mrima na bara, wakala pamoja, wakasoma, wakasikiliza dufu na kasida. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika 1868 na kuweka makazi ya watumwa waliokombolewa, nao waliacha ibada ambayo haiendi bila kuimba, na mpaka leo mazoezi ya kwaya ndiyo matembezi ya jioni ya vijana wengi. Hizo ni burudani za roho, na sifa yake ya kwanza ni kwamba hakuna anayekwenda kwa kujificha. Kinyume chake ndicho kipimo kizuri kwa muumini wa dini yoyote. Anayezima sauti ya simu mtu akiingia chumbani ameshajitolea fatwa mwenyewe, kabla shehe au padri hajaulizwa. Televisheni sebuleni, bibi na wajukuu wakiangalia tamthilia pamoja, ina mlinzi wake: likitokea jambo la aibu, kuna atakayekohoa, atakayebadilisha chaneli, atakayeeleza. Skrini ya kitandani haina wa kukohoa.

Ukweli mmoja mchungu pia inabidi tuuseme, kwa heshima zote. Dhiki ikizidi, hata ibada inaweza kugeuzwa kuwa mchezo wa bahati. Mtu anatoa sadaka kama anavyoweka dau, akitarajia irudi mara kumi kabla ya mwisho wa mwezi, na isiporudi anakata tamaa na Mungu au anatoa tena, mara hii kwa kukopa. Uislamu umekataza kamari pamoja na israfu, na Ukristo umefundisha kutoa bila kutafuta malipo. Sadaka inayotolewa kwa kuwanyima wa nyumbani bila wao kujua inaingia katika hesabu ileile ya burudani za siri, hata kama imevaa kanzu.

Limebaki pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Wanawake wa pwani wana busara ya fedha kibindoni. Mama hufuma ukili, hukaanga samaki, hucheza mchezo wa kupeana fedha kwa zamu na wenzake, na kile anachopata hakitangazi, kwa kuwa anajua kikitangazwa kitaombwa na hakitarudi. Sheria ya Kiislamu yenyewe inamtambua mke kuwa mmiliki wa mali yake. Je, mwito wa uwazi hautampokonya ngao hiyo? Ungempokonya kama ungemwanzia yeye. Ndiyo maana nasema uwazi huu uanze na mwenye nguvu zaidi, anayeshika fedha kubwa na ambaye hakuna wa kumwuliza. Baba aseme kwanza ametumia kiasi gani kwa mpira, kwa kahawa, kwa mkeka. Tena kuna tofauti kati ya akiba na matumizi. Akiba ya mama iliyofichwa ndiyo inayotoka mtoto akiugua usiku wa manane, lakini dau la baba lililofichwa halijawahi kumpeleka mtoto hospitali. Ninachotaka kiwekwe wazi ni kinachotoka kwa starehe, na kibindo cha mama kibaki kibindo.

Haya hayahitaji daftari la ofisini. Bajeti ya mwezi imetungwa kwa mwenye mshahara, na nyumba ya mvuvi inafaa kupanga kwa mzunguko wake yenyewe, kutoka giza la mwezi hadi giza jingine. Samaki wakitoka vizuri, kabla fedha haijaanza kuyeyuka, watu waketi: unga kwanza, ada, deni, kisha kiasi fulani cha kufurahi, kidogo lakini kilichotajwa kwa jina. Kama ni king'amuzi, wote wachague watakachotazama. Kama ni mchango wa harusi, ijulikane mapema utakuwa kiasi gani na sare itanunuliwa au la. Watoto wasikie, maana mtoto aliyesikia "mwezi huu hatuwezi" kutoka mdomoni mwa wazazi wote wawili huelewa kuliko aliyenyimwa bila neno. Ramadhani inatufundisha kila mwaka kwamba tunaweza. Kwa siku 29 au 30 nyumba nzima hujua nani amefunga na nani mgonjwa, futari itakuwa muhogo au maharage, ya nani itapelekwa kwa jirani, na Idi ikifika mtoto atapewa ngapi za pembea. Nyumba ileile inayofuturu kwa sinia moja haishindwi kuzungumza juu ya bando. Vyombo vikishaondolewa, mkeka bado umetandikwa. Wasiinuke mara moja.