Cha Rahisi Kilitugharimu: Habari ya Kompyuta ya Ofisi Yetu, Nambis

Ilikuwa siku ya Jumanne, wakati wa masika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya milima yetu ya Mbulu, na umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili. Asubuhi nikafungua ofisi ya parokia hapa Nambis kama kawaida, nikabonyeza kitufe cha kompyuta. Kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Ilikuwako harufu tu, kama ya plastiki iliyoungua.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyetembea matopeni tangu alfajiri.

"Tumsifu Yesu Kristo, karani."

"Milele na milele, amina. Karibu, mama."

Binti yake alikuwa karibu kuolewa huko Arusha, naye alitakiwa kupeleka cheti kipya cha ubatizo. Mama hakukumbuka mwaka aliobatizwa. Kwa desturi ningeandika jina katika kompyuta, nami ningepata mara moja mwaka, kitabu na namba. Nikamwambia kwamba mashine imekufa. Akanitazama kwa mshangao, akauliza, "Basi, mwanangu, mashine ikifa, binti yangu hakubatizwa?"

Swali lile lilinichoma, maana kosa lilikuwa langu. Naeleza habari hii ili msomaji asirudie kosa hilo, hata kama nyumbani kwake hakuna kompyuta.

KISANDUKU KIFANYACHO KAZI GANI

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kimo kisanduku cha bati ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai. Umeme utokao ukutani katika Tanzania una nguvu ya volti 230. Sehemu za kompyuta haziwezi kustahimili nguvu hiyo. Zenyewe zataka volti 12, volti 5 na volti 3.3 tu, tena zisizoyumba. Maji ya mto uliofurika hayafai kumwagia kitalu cha mboga. Hapana budi yapitishwe mferejini, yapunguzwe kasi, yafike polepole kwenye mche. Pawa saplai ndiyo mfereji huo. Ikiwa mbovu, mboga zote zaweza kusombwa.

Kazi hiyo ina hasara yake. Sehemu ya umeme hupotea kwa kugeuka joto, na joto huondolewa na feni. Kumbe kelele ya feni si jambo dogo: mara nyingi ni alama ya umeme unaopotea. Tuseme kompyuta yahitaji wati 100. Kisanduku kibaya kitumiacho vema asilimia 65 tu kitavuta wati 154 ukutani, na wati 54 zitakuwa joto la bure. Kisanduku chema cha asilimia 85 kitavuta wati 118, na zitakazopotea ni 18 tu. Joto likiwa dogo, feni huzunguka polepole, na ofisi hutulia.

Jambo hili liliwashughulisha wenye akili tangu zamani. Mwaka 1977, huko Marekani, Steve Jobs hakutaka feni katika kompyuta ya Apple II, kwa kuwa alichukia kelele zake. Mhandisi Rod Holt akatengeneza pawa saplai isiyopata joto jingi, na mashine ikauzwa bila feni. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, ili kisanduku cha mtengenezaji mmoja kiweze kuingia katika kompyuta ya mwingine. Na tangu mwaka 2004 kuna alama ya 80 PLUS, ambayo hupewa pawa saplai zitumiazo vema angalau asilimia 80 ya umeme zinaovuta.

Nasi Watanzania tuna kumbukumbu zetu. Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, maana zile za kwanza zilikuwa zimeleta gharama na taabu kuliko faida. Marufuku hiyo haipo tena, lakini fundisho lake lingalipo: mashine bila matunzo ni mzigo.

KOSA LANGU

Mwezi wa Januari pawa saplai ya zamani ilikufa. Hiyo siilaumu. Ilikuwa imefanya kazi miaka mingi, nayo ilijaa vumbi letu jekundu la kiangazi. Halmashauri ya Walei ikanipa shilingi 150,000 nikanunue nyingine.

Nilikwenda mjini katika duka moja. Muuzaji akanionyesha mbili. Moja ilikuwa ya 130,000, nzito mkononi, imeandikwa wati 350. Nyingine ilikuwa ya 40,000, nyepesi kama kopo tupu, imeandikwa wati 500. Nikajisemea moyoni, "Wati 500 kwa 40,000! Mungu anipe nini tena?" Nikarudisha chenji 110,000, wazee wakanisifu kwa uaminifu na kubana matumizi. Sifa zile zilinipendeza mno.

Tangu siku ya kwanza kitu kile kilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Watu walilazimika kupaza sauti ofisini. Ninyi wasomaji wa Mbulu mwajua majina yetu ya Kiiraqw. Yana q na hh, sauti zitokazo ndani ya koo, tena yana tl. Asiyesikia vizuri huandika jina la mtu mwingine. Siku moja babu mmoja alileta mjukuu kuandikishwa ubatizo. Alisema kwa sauti ndogo, sauti ya uzee, nami niliona haya kumwuliza mara ya nne. Nikaandika nilivyodhani. Ilipofika siku ya ubatizo, jina la baba wa mtoto likasomwa mbele ya watu wote, na halikuwa lake. Wengine walicheka. Babu hakucheka. Baba Paroko alisahihisha kitabu pembeni na kutia sahihi, lakini aibu ya mzee yule haikufutika kwa kalamu.

Wiki ya tano nikaanza kusikia harufu ya joto kila mchana. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Ningewaambiaje wazee walionisifu kwamba kile nilichonunua ni kibovu? Nikafungua dirisha ili harufu itoke. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki ya saba ndiyo ile Jumanne ya masika.

Hofu yangu kubwa haikuwa kisanduku chenyewe. Kwa muda wa miezi minane nilikuwa nimenakili katika kompyuta majina yote ya vitabu vya ubatizo, ili yatafutike upesi, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya mashine ile ile. Pawa saplai mbaya ikifa yaweza kupeleka umeme usiofaa katika diski na kuiua pamoja nayo.

Mama yule nilimketisha, nikatoa vitabu kabatini. Kwa neema vitabu vya karatasi vilikuwapo vyote. Tulipekua ukurasa kwa ukurasa muda wa saa mbili na nusu, yeye akikumbuka: "Ulikuwa mwaka wa njaa... hapana, ni baada ya mdogo wake kuzaliwa..." Mwisho tukalipata jina. Nikaandika cheti kwa mkono, Baba Paroko akapiga mhuri. Mama alikikunja katika kanga akaenda zake. Binti hakukosa ndoa. Lakini miguu ya mama ilikaa ofisini nusu siku kwa sababu ya ubahili wangu na ukimya wangu.

Jumapili ile nilisimama mbele ya Halmashauri nikasema yote: bei, harufu, na dirisha nililolifungua. Mzee mmoja akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Karani, shilingi 40,000 tumekusamehe. Harufu ndiyo iliyotuumiza, maana ulikuwa nayo wiki mbili peke yako." Wakanirudishia fedha nikanunue ile niliyoiacha.

JINSI TULIVYOIBADILI

Kijana fundi wa kijijini alinisaidia, nami naandika aliyonifundisha.

Kwanza, hakikisha ni pawa saplai kweli iliyokufa. Chomeka chaji ya simu katika soketi ile ile uone kama umeme upo. Jaribu waya mwingine. Tazama swichi ndogo nyuma ya kompyuta. Kisha fundi huchomoa waya wa ukutani, huondoa plagi kubwa ya pini 24 kwenye bodi ya kompyuta, na kwa kipande kifupi cha waya huunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi, ndipo huwasha. Feni isipozunguka, karibu ni hakika kwamba kisanduku kimekufa. Ikizunguka, bado asiseme ni kizima. Apime kwa mita. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25.

Pili, usikifungue kisanduku chenyewe. Ndani yake mna kapasita zitunzazo umeme wa zaidi ya volti 300, na zaweza kumpiga mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Watoto wasichezee kisanduku kibovu.

Tatu, chagua kwa akili. Usisome wati peke yake. Tafuta katika kibandiko mstari wa volti 12, uzidishe ampea zake kwa 12: ampea 25 ni wati 300 za kweli. Kompyuta ya kuandikia barua na majina haihitaji zaidi ya hapo. Kisanduku kikisema wati 500 lakini mstari wa volti 12 una ampea 15 tu, yaani wati 180, kinasema uongo. Kipime mkononi, kilicho chepesi mno mara nyingi kimepunguzwa vitu vya ndani. Pendelea feni pana ya milimita 120 kuliko ile ya 80, kwa sababu feni pana husukuma hewa ile ile kwa kuzunguka polepole. Tena chukua kile cha zamani dukani ukalinganishe umbo na plagi, maana baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina visanduku vya umbo lao wenyewe.

Nne, wakati wa kufunga: chomoa waya wote wa umeme, piga picha kwa simu uone kila plagi ilikokuwa, fungua skrubu nne za nyuma, toa cha zamani, weka kipya. Usisahau plagi ndogo ya pini 4 iendayo karibu na prosesa. Wengi huisahau kisha hudhani kwamba wameuziwa kibovu. Kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe kwenye 230 kabla ya kuwasha.

Tulipowasha, nilidhani haikuwaka. Kumbe ilikuwa imewaka. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ndogo hata nikasikia matone ya mvua juu ya bati. Diski ilikuwa nzima, na majina yote yalikuwamo. Siku hiyo hiyo nikatoa nakala mbili katika flashi, moja ikakaa kabatini, nyingine nyumbani mwa mapadre.

NAWE NYUMBANI KWAKO

Labda msomaji asema, "Sina kompyuta, haya yanihusu nini?" Yakuhusu. Chaji ya simu yako ni pawa saplai ndogo. Nayo hugeuza volti 230 kuwa volti 5 hivi. Ikipata moto usioweza kuishika, ikinuka, au ikilia kama nzi, itoe ukutani, wala usiiache usiku karibu na kitanda cha watoto. Mvua ya radi ikija, chomoa televisheni, redio na chaji. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Umeme ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Na kila kiangazi futa vumbi kwa brashi kavu, mashine ikiwa imechomolewa.

Juzi babu yule alirudi ofisini kuandikisha mjukuu mwingine. Alikaa kitini, akatega sikio, akauliza, "Karani, leo mashine yako imezimwa?" Nikamjibu, "Hapana, babu, inafanya kazi." Akalitaja jina la mtoto polepole, kwa sauti yake ndogo. Nikaliandika, nikamsomea, akatikisa kichwa kwa kukubali. Halikukosewa hata herufi moja.