Kopo Bovu Lang'ara Krismasi Isiolo

KRISMASI inapokaribia, mapambo yanayoanikwa madukani mjini Isiolo huwa ni yale yale ya Nairobi: mipira inayometameta, minyororo ya karatasi za fedha, na pamba ya kuigizia theluji. Mwenye nyumba hutoa pesa, na Januari inapobisha hodi na karo na sare za shule, nusu ya vitu hivyo imekwisha kuvunjika. Hapana ubaya kununua. Lakini, mpenzi msomaji, mtu wa Isiolo kununua pambo ni sawa na mvuvi kwenda sokoni kutafuta samaki.

Wasafiri wa zamani watakumbuka. Kabla barabara ya Marsabit na Moyale haijatiwa lami, lami ilikomea hapa, na kila gari lililosimama lilizungukwa na vijana waliobeba bangili za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini, zimesokotwa kama kamba. Waturkana nao tangu zamani huyeyusha sufuria za alumini zilizotoboka, wakafanya mapambo ya mwilini. Kitu kilichokwisha kazi jikoni kikaanza kazi shingoni.

Hata mpira wa kioo wa Wazungu haukutoka mbali na habari hii. Walioubuni katika karne ya 19 ni mafundi wa mji mdogo wa Lauscha, Ujerumani, mji uliokwisha kuzoea kupuliza shanga za kioo. Na shanga ambazo mwanamke wa Kisamburu hujipamba nazo, nyingi zimetoka Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo. Shanga na mpira ni ndugu, ila mmoja alipelekwa mtini na mwingine shingoni.

Nyumbani kwetu Bulla Pesa hatukuwa na mti wa saipresi. Hiyo huota kwenye baridi ya Timau na Meru, nasi tuko chini kwenye jua. Mama alichukua tawi kavu la mgunga, akalisimamisha ndani ya debe la mawe. Miiba yake ni mirefu na myeupe, na kila mwiba ni kulabu: hapana haja ya waya.

Mwaka mmoja sisi watoto tulikataa tawi tupu. Tulikuwa tumeona mti wa dukani, tukataka wetu uwe na theluji. Tukachomoa pamba kwenye godoro kuukuu, tukaitandaza juu ya miiba, kisha tukafunga mishumaa mitano. Mama alikuwa jikoni. Pamba ilishika moto, tawi likalia kama baruti, na pazia likafuata. Mama jirani, Mborana Mwislamu asiyekuwa na Krismasi hata kidogo, ndiye aliyeingia na karai la mchanga akaumwaga wote. Hakuna aliyeumia. Lakini sare mpya ya dada yangu, iliyonunuliwa mapema kwa ajili ya Januari, ilikuwa imetundikwa karibu na pazia. Alianza muhula na ya zamani, mikono ikimwishia katikati.

Tangu siku hiyo mshumaa haukupanda mtini tena. Mama alitufundisha kuutia ndani ya kopo, na kopo hilo ndilo nitakalokueleza kwa kirefu, kwa maana lina siri yake.

Chukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, ulioshe kwa maji ya moto na sabuni. Ukilipiga msumari likiwa tupu, litabonyea. Basi lijaze kwanza mchanga wa laga uliolowa, uushindilie kwa mpini wa mwiko mpaka usisogee. Chora nyota ubavuni kwa mkaa. Kisha piga msumari mdogo juu ya mchoro, tundu moja moja, ukiacha nafasi ya upana wa punje ya mahindi. Ukimaliza, mwaga mchanga, ubakize vidole viwili chini. Hapo ndipo kipande cha mshumaa husimama, na kopo hukaa sakafuni, mbali na tawi na mbali na pazia. Kingo za ndani hukata kama wembe. Mtoto asiingize mkono. Taa zikizimwa, nyota hutokea ukutani, kubwa kuliko kopo lenyewe. Watoto wa mama jirani walikuwa wepesi wa msumari kuliko sisi, na mwaka uliofuata nusu ya matundu yalikuwa yao.

Mengine ni rahisi. Vizibo vya soda hupondwa bapa juu ya jiwe, vikatobolewa na kutungwa kwa uzi wa gunia; upepo ukipita, vinalia. Yai hutobolewa ncha zote mbili kwa mwiba wa mgunga, likapulizwa ndani ya bakuli (chapati za asubuhi zina wenyewe), kisha ganda likachemshwa polepole na maganda ya vitunguu hadi liwe rangi ya udongo. Magazeti ya zamani hukatwa vipande virefu vyenye ncha, vikaviringishwa kwenye njiti ya ufagio na kugandishwa kwa uji mzito wa ngano, navyo huwa shanga. Maua ya majuala tuliyokuwa tukiyakata utotoni yamekwisha, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mimi sikuyalilia.

Baada ya mwaka mpya, tawi la mgunga hurudi uani kuziba pengo la ua wa mbuzi. Kabla ya kulitoa, vua kila uzi na kila karatasi, ukihesabu. Mbuzi hatagusa kizibo, lakini uzi ataumeza wote, na mbuzi wa Isiolo ni karo ya mtoto.