Lango la Mji Mwema: Kutoka Caphar Salama hadi Masasi

Mwaka 1619 mchungaji wa Kilutheri wa nchi ya Württemberg, Johann Valentin Andreae, alichapisha huko Strasbourg kitabu cha Kilatini juu ya mji aliouita Christianopolis, yaani Mji wa Kikristo. Msimulizi wa kitabu hicho anavunjikiwa na merikebu na kutupwa kwenye kisiwa kiitwacho Caphar Salama. Jina hilo limo katika Kitabu cha Kwanza cha Makabayo (7:31), na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aisikie amani iliyo ndani yake. Mji wenyewe ni mdogo, wenye wenyeji wapata 400. Nyumba ni mali ya wote, kazi za mikono hakuna anayezidharau, wavulana na wasichana wanafundishwa sawasawa, na wajane, wagonjwa na wazee wanatunzwa na mji mzima.

Wanafunzi wetu wengi wanamfahamu Thomas More na Utopia yake ya mwaka 1516, lakini hawamfahamu Andreae, ingawa huyu ni mtu wa nyumba yetu. Wala hakuwa mwotaji wa ndoto tu. Tangu mwaka 1620 alikuwa mkuu wa wachungaji katika mji wa Calw, akawatunza maskini wake, na mji huo ulipochomwa moto mwaka 1634 katika Vita vya Miaka Thelathini, alifanya kazi ya kuwainua waliobaki. Hata hivyo, katika makala hii hatukusudii kumsifu. Tunataka kulitazama lango la mji wake.

Mgeni yule, akiwa bado na chumvi ya bahari mwilini, haingii mpaka ahojiwe mara tatu. Mlinzi anataka kwanza ahakikishe kwamba huyu si miongoni mwa wadanganyifu na wazururaji ambao mji hauwavumilii. Mwingine anampima tabia, na wa tatu elimu. Anapokelewa kwa upole mwingi, ni kweli. Lakini hebu tujiulize: kama angeshindwa mtihani, angekwenda wapi? Nyuma yake ilikuwapo bahari tu. Tunaona hapa ugonjwa wa kila mji uliochorwa kabla ya kuwa na watu: mchoro hutafuta watu wanaoufaa.

Kusini mwa Tanzania tunao mji ulioanza kinyume cha hapo, bila mchoro. Pwani ya Lindi, Mikindani na mdomo wa Ruvuma ilikuwa kwa muda mrefu njia ya watumwa waliotolewa bara, na hasa nchi za kuelekea Ziwa Nyasa. Baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, Edward Steere, askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), alikuwa na mahuru wengi mikononi mwake. Mwaka 1876 alichukua kundi la watu wapata 50, wanaume kwa wanawake, akasafiri nao kwa bahari mpaka Lindi na kutoka hapo kwa miguu. Nia yake ilikuwa kuwarudisha kuelekea makwao. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, watu wenyewe walitaka kukaa pale. Askofu akakubali. Mji wa mahuru ukaanzishwa na watu waliochoka njiani wakasema panatosha.

Tusiufanye mji huo kuwa Yerusalemu Mpya. William Percival Johnson na baadaye Chauncy Maples waliousimamia walijikuta wakiwa wachungaji na watawala kwa pamoja. Aliyehubiri ondoleo la dhambi Jumapili ndiye aliyeamua kesi za ugoni na wizi Jumatatu. Sisi tuliolelewa katika mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili za Mungu tunaona mara moja hatari yake: mkristo hajui tena kama anamtii mchungaji kwa imani au kwa hofu ya kupoteza shamba. Tena mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliuvamia Masasi. Wako waliouawa na wako waliochukuliwa mateka, watu ambao walikuwa wamekwisha kukombolewa mara moja. Maples akahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao, na kazi ya Masasi ikalazimika kuanzishwa upya.

Katika historia hii twampenda zaidi Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani huko Unguja. Mwaka 1890 aliwekewa mikono kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, upande wa Newala. Pale hakuwa mtawala wa mji wa misheni. Aliishi katika nchi ya mkuu Nakaam, kati ya watu wenye sheria zao na wazee wao, na kanisa likakua. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni langoni. Jambo hili tungependa walimu wa historia ya kanisa walipe nafasi kubwa kuliko wanavyofanya, kwa maana mara nyingi tunasoma Masasi kama habari za Waingereza.

Mkoa huu umechorewa miji mingine pia. Mji wa Mtwara ulipimwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga, uliokufa mwaka 1951 kabla bandari haijakamilika. Miaka ya 1970 mkoa ulikuwa mbele katika vijiji vya ujamaa, ambavyo msingi wake ulikuwa undugu, mpaka mwaka 1973 kuhamia vijijini kulipofanywa kuwa amri. Undugu wa kuamriwa una lango linalofunguka upande mmoja tu.

Maandiko yana mfano mwingine. Katika Yoshua 20 mkimbizi anayefika kwenye mji wa makimbilio anasimama penye lango na kusema neno lake masikioni mwa wazee, nao wanampokea na kumpa mahali pa kukaa. Kesi yake itasikilizwa, wala torati haikufutwa. Lakini anasikilizwa akiwa mikononi mwao, si mikononi mwa anayemfuatia. Na Ufunuo 21 unapotuambia kwamba milango haifungwi na bado hakuna kilicho kinyonge kitakachoingia, jibu la fumbo hilo linapatikana katika sura inayofuata: wanaoingia ni wazifuao nguo zao. Kwa Andreae msafi ndiye aingiaye. Kwa Yohana usafi wenyewe ni kipawa.

Swali hili halikukaa vitabuni. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Cabo Delgado. Machi 2021 mji wa Palma ulipovamiwa, watu wa Msumbiji walikimbia kuelekea mto huohuo, na wengi wao walikuwa Wamakonde wenye ndugu huku kwetu. Hofu ya serikali ilikuwa na sababu, na upanga, tunavyofundisha, umewekwa na Mungu ili kuwalinda watu kama wale wa Kitaya. Lakini mwaka huohuo shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilieleza wasiwasi wake kwamba maelfu walirudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano, wengi bila kupewa nafasi ya kueleza kilichowakimbiza. Hapo hatuzungumzii tena kama walistahili kukaa au la. Tunazungumzia wazee wa langoni, na sharika za kando ya mto zina wazee.